Jimmy Winkfield: Joki Mweusi Aliyeshinda Kentucky Derby Mara Mbili, Kisha Akazuiwa Mlangoni

Ukicheki Kentucky Derby siku hizi, unaweza dhani mbio za farasi ni mchezo wa masonko wa kizungu pekee. Lakini derby ya kwanza kabisa, 1875, majoki 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi. Jimmy Winkfield ndiye wa mwisho wao kushinda.

Jimmy alizaliwa 1882 Chilesburg, Kentucky, kitinda mimba wa watoto 17. Mwaka wa 1901 alibeba Derby akiwa juu ya His Eminence. 1902 akarudi na Alan-a-Dale. Farasi akaumia mguu katikati ya mbio, lakini Jimmy alikuwa mjanja: alisukuma wapinzani nje kwenye mchanga mzito, akashinda kwa pua tu. 1903 akamaliza namba mbili.

Hapo ndio mambo ilichacha. Majoki wazungu walikuwa wanabana wenzao weusi kwenye fensi makusudi, na wenye farasi wakaanza kuogopa kuwapa mboka. Jimmy naye akaruka dili ya sonko mmoja dakika za mwisho, milango ikafungwa kabisa. 1904 akahepa hadi Urusi.

Huko aliomoka vibaya. Alikuwa bingwa, analala hoteli za maana, doo iko. Kisha mapinduzi ya 1917 yakafagia kila kitu. 1919, jeshi la Wabolshevik likikaribia Odessa, yeye na wenzake walitoroka na farasi zaidi ya 200, wakatembea zaidi ya kilomita 1,000 hadi Warsaw. Njaa ilipozidi, farasi wengine waliliwa.

Akaanza upya Ufaransa, akawa mkufunzi wa farasi Maisons-Laffitte. Wanazi wakavamia, akapoteza tena. Akarudi Marekani 1941, bingwa mzima akifanya kazi ya barabara. Vita ikaisha, akarudi Ufaransa kuanza mara ya tatu.

1961 alialikwa dinner ya heshima Brown Hotel, Louisville, miaka 60 baada ya ushindi wake wa kwanza. Mlinzi akamkatalia kuingia mlango wa mbele juu ya rangi yake. Ilibidi ajieleze kwanza ndio aachiliwe.

Alikufa 1974 akiwa na miaka 91. Marekani ilimweka kwenye ukumbi wa magwiji wa mbio za farasi 2004, miaka 30 baadaye. Na tangu ile 1902, hakuna joki mwingine mweusi ameshinda Derby.