Maria Kirch, Mtazama Nyota wa Berlin

Katika kijiji cha Panitzsch, karibu na mji wa Leipzig katika nchi ya Ujerumani, alizaliwa mwaka 1670 Maria Margaretha Winkelmann. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, naye aliona kwamba binti yake astahili kufundishwa kama wavulana wafundishwavyo. Akamsomesha mwenyewe. Lakini Maria alipofikia umri wa miaka 13 alikuwa yatima. Akaendelea kujifunza kwa Christoph Arnold, mkulima wa kijiji jirani, aliyejifundisha elimu ya nyota hata wataalamu wakamheshimu.

Siku zile vyuo vikuu havikuwapokea wanawake. Mwanamke mwenye kutaka elimu ya nyota alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni nyumba ya mtu mwenye elimu hiyo. Mlezi wake alitaka aolewe na mchungaji kijana. Maria akamchagua Gottfried Kirch, mtazama nyota, mjane aliyemzidi umri kwa miaka 30, ambaye walijuana kwa Arnold. Wakaoana mwaka 1692. Mimi mchungaji simlaumu. Huyo kijana angempa nyumba njema, walakini nyota angeziona tu atokapo kisimani.

Kirch naye alipata mke na msaidizi pamoja. Mwaka 1700 akaitwa Berlin kuwa mtazama nyota wa Akademia mpya ya mfalme, chama cha wataalamu kilichopata fedha zake kwa kuuza kalenda. Hesabu za kalenda hizo, za jua, mwezi na kupatwa kwake, mume na mke walizifanya pamoja. Usiku walipokezana, mmoja akilala na mwenzake akitazama. Alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1702 mume alikuwa amelala, na Maria akaona nyota yenye mkia ambayo haikujulikana bado. Akamwamsha. Habari ikapelekwa kwa mfalme kwa jina la mume, naye hakuandika wazi kwamba mwonaji wa kwanza ni mkewe mpaka mwaka 1710.

Mwaka huo huo Kirch akafa. Mjane akaiomba Akademia kazi ya kusaidia kutengeneza kalenda, akieleza kwamba mumewe alipokuwa mgonjwa alizitengeneza yeye, zikatoka kwa jina lake mume. Mtaalamu mkuu Leibniz, rais wa Akademia, akamtetea. Wengine hawakumshtaki kwamba hajui kazi. Waliogopa kuchekwa, na kwamba wanawake wengine wangeomba vivyo hivyo. Mwaka 1712 akakataliwa kabisa, na kazi ilikuwa imepewa mwanamume, Johann Hoffmann. Mlango ulioufunguliwa na ndoa ulifungwa na kaburi la mume.

Mwaka 1716 mwanawe Christfried akawekwa mahali pa baba yake, na mama akarudi kwenye darubini za Akademia, sasa msaidizi wa mwanawe. Mwaka 1717 wakubwa wakamkaripia kwa kuwa alijionyesha mno mbele ya wageni, wakamwamuru ahame nyumba ile. Mwishoni mwa mwaka 1720 akafa.

Binti yake Christine hakuolewa. Aliifanya kazi hiyo hiyo pamoja na ndugu yake, na baada ya ndugu kufa mwaka 1740 alizidi kuihesabia Akademia kalenda, akilipwa ujira wake, hata uzeeni. Alikufa mwaka 1782.