Joseph Leidy, daktari aliyeyatambua meno ya tiranosaria

Karibu miaka 50 kabla ya ulimwengu kulisikia jina la Tyrannosaurus rex, daktari mmoja wa Marekani alikuwa amekwisha kuyachunguza meno ya jamaa za mnyama huyo. Daktari huyo ni Joseph Leidy, aliyezaliwa mjini Philadelphia mwaka 1823.

Leidy alihitimu udaktari mwaka 1844 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lakini moyo wake ulikuwa katika hadubini na mifupa kuliko katika kutibu wagonjwa. Mwaka 1853 alipewa uprofesa wa anatomia chuoni hapo, kazi aliyoifanya hadi kufariki dunia.

Visukuku vyake vingi aliletewa na wasafiri. Mmoja wao, Ferdinand Hayden, katika miaka ya 1850 aliokota meno ya kale karibu na mahali mto Judith unapoingia mto Missouri, eneo ambalo sasa liko katika jimbo la Montana. Meno ndiyo yanayookotwa zaidi, kwani dinosaria waling'oka meno na kuota mengine maisha yao yote, na jino ni gumu kuliko mfupa.

Mwaka 1856 Leidy aliyatangaza meno hayo. Yale makubwa, yenye makali ya msumeno, aliyaona yanafanana na ya Megalosaurus wa Uingereza, akampa mwenye nayo jina la Deinodon horridus. Hayo yalikuwa miongoni mwa majina ya kwanza ya dinosaria wa Marekani.

Hata hivyo, jino peke yake halitoshi kumtambulisha mnyama. Mwaka 1868 Leidy aliyapa baadhi ya meno madogo jina jingine, Aublysodon. Leo inajulikana kwamba tiranosaria walikuwa na meno madogo mbele ya taya na makubwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawayatumii tena majina hayo mawili.

Kilichomwondoa Leidy katika kazi hiyo kilikuwa fedha. Katika miaka ya 1870 wanasayansi wawili wenye mali, Edward Drinker Cope na Othniel Charles Marsh, walianza kushindana kununua visukuku. Waliokuwa wakimpelekea Leidy bila malipo sasa walipata wanunuzi, naye hakuwa na uwezo wa kushindana nao wala hakupenda ugomvi wao. Alirudi kwenye hadubini, na mwaka 1879 akatoa kitabu kikubwa kuhusu viumbe wadogo wa maji baridi.

Leidy alifariki dunia mwaka 1891. Jina la Tyrannosaurus rex lilitolewa na Henry Fairfield Osborn mwaka 1905, baada ya Barnum Brown kufukua mifupa yake huko Montana. Safari hiyo lilikuwapo fuvu pamoja na taya, na meno yalionekana yakiwa mahali pake.