Seyyid Said na Ndoa za Kifalme

Hapa Kayole ninapokaa, akitajwa Seyyid Said bin Sultan watu hukumbuka karafuu. Mimi leo nataka niwape wasomaji habari za ndoa zake.

Alizaliwa Omani mwaka 1791, akashika utawala wa Maskati mwaka 1806 angali kijana. Mkewe mkubwa alikuwa Bibi Azza binti Seif, wa ukoo uo huo wa Busaidi. Salme, bintiye Seyyid aliyehamia Ujerumani na kuandika kitabu cha maisha yake, amkumbuka bibi huyu kuwa mfupi wa kimo, walakin nyumba nzima ilimwogopa, na Seyyid mwenyewe hakupinga kauli yake. Mtoto hakumwachia.

Sisi watu wa Mombasa posa ya pili yatuhusu zaidi. Wakati huo Mazrui walikuwa wamemshinda katika Ngome, na majeshi yake yalikuwa yakirudi mikono mitupu. Basi mwaka 1833 akapeleka posa Bukini kwa Malkia Ranavalona, na pamoja na posa akaomba askari 2,000. Nionavyo mimi, askari ndio waliokuwa wakiposwa. Malkia akajibu kwamba ada ya nchi yake haimruhusu kuolewa, ila yuko binti mdogo wa kifalme akimtaka. Askari achukue awapendao. Naye aletewe kidani cha marijani cha riale 1,000. Ndoa haikuwa. Mombasa aliipata mwaka 1837 kwa kuwagawanya Mazrui wenyewe, kisha wakubwa wao wakatiwa jahazini wakapelekwa Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Mwisho akaoa Uajemi, katika jamaa ya Shah. Bibi Shahrzad alikuja Unguja na watu wake, akawa apanda farasi na kwenda kuwinda, jambo lililowashangaza wenyeji. Husimuliwa kuwa hamamu ya Kidichi, yenye nakshi za maua na ndege, ilijengwa kwa ajili yake. Naye hakuzaa. Akaachwa, akarudi kwao.

Miaka hiyo hiyo Ulaya nako wafalme walikuwa wakioleana. Christian wa Tisa wa Denmark alimwoza bintiye Alexandra kwa mrithi wa Uingereza mwaka 1863, na Dagmar kwa mrithi wa Urusi mwaka 1866, na wajukuu wake wakakalia viti vya pande zote mbili. Huko, mtoto asiyezaliwa na mke wa ndoa kiti hakipati.

Kwa sheria yetu, mtoto wa suria akikubaliwa na babake ni sawa na wa mke. Watoto 36 aliowaacha Seyyid wote walizaliwa na masuria. Mamake Majid alikuwa Mcherkesi, mamake Barghash Mhabeshi: wanawake walionunuliwa kwa fedha, ambao nasaba zao hakuna aliyejali kuziandika. Wanahistoria wetu huhesabu mababu wa Bibi Azza hadi kwa Imamu, kisha wanawapita hawa kama kwamba wafalme waliota shambani.

Seyyid alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati, na Barghash alikuwa naye merikebuni. Majid akakalia kiti cha Unguja na Thuwaini akabaki na Maskati. Mwaka 1870 Majid alipokufa, zamu ikawa ya mwana wa yule Mhabeshi.