Habari za Frederick Septimus Kelly, Mpiga Makasia na Askari

Tumeona vyema kuwaletea wanachama habari za mtu huyu, aliyefariki zamani, kwa kuwa wazee kadhaa huona kwamba kijana apendaye michezo ameipa elimu kisogo.

Kelly alizaliwa Sydney, Australia, tarehe 29 Mei 1881, katika nyumba yenye mali. Alipelekwa Uingereza kusoma shule ya Eton, kisha Chuo cha Balliol, Oxford. Huko alipewa msaada wa masomo kwa ajili ya muziki, lakini jina lake lilienea kwanza mtoni. Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ni nyembamba mno. Mpigaji hushika makasia mawili, moja kila mkono, na asipoketi sawasawa hupinduka mara moja. Kelly alikuwa ameketi humo kana kwamba yuko kitini mwake nyumbani. Alishinda kikombe cha Diamond Sculls huko Henley mwaka 1902, 1903 na 1905, na mwendo wake wa 1905, dakika 8 na sekunde 10, haukupitwa mpaka 1938. Isidhaniwe kwamba hakushindwa kamwe: mwaka 1903 alikuwamo katika mashua ya watu wanane wa Oxford walioshindwa na Cambridge.

Baadaye alikwenda Frankfurt, Ujerumani, kujifunza piano na utungaji wa muziki. Aliporejea, akapiga kasia katika mashua ya wanane ya Leander iliyopata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya 1908. Wengi wangalikaa kuzifurahia sifa hizo; yeye aliyaweka makasia akashika muziki wake.

Vita vya 1914 vilipoanza, vile vile vilivyowachukua wazee wetu kuwa wapagazi wa Kariakoo, alijiunga na kikosi cha Hood, cha mabaharia waliopigana nchi kavu. Mwezi wa Aprili 1915 alishiriki kumzika usiku rafiki yake, mshairi Rupert Brooke, katika kisiwa cha Skyros. Majuma machache baadaye yeye mwenyewe alijeruhiwa Gallipoli, na alipokuwa akiuguza jeraha huko Alexandria, Misri, aliendelea kuutunga muziki wa kumwomboleza rafiki yake. Sisi twaona kazi hiyo ni kubwa kuliko vikombe vyake vyote. Alirudi vitani, akapewa nishani ya ushujaa.

Tarehe 13 Novemba 1916, huko Beaucourt, Ufaransa, aliwaongoza askari wake kuishambulia ngome ya bombomu ya Wajerumani, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 35, na nyimbo nyingi alizokusudia kuzitunga hazikuandikwa. Alizikwa Martinsart. Katika kijiji cha Bisham, kando ya mto Thames alikokuwa akipiga makasia, dada yake alimsimamishia msalaba wa mawe.