Kakungulu: Mpiganaji wa Waingereza aliyegeuka Myahudi

Wewe kijana wa Sori, unajua samaki kuliko mtu wa Nairobi. Ngege ana magamba na mapezi. Mumi, yaani kambare, hana magamba hata moja. Kwako wote ni kitoweo, lakini kwa Wayahudi wa kale ngege alikuwa halali na kambare haramu. Hiyo ni sheria ya Musa.

Sasa sikia hii. Miaka mia moja hivi iliyopita, hapa jirani Uganda, kuna mkubwa mmoja Mwafrika aliyeamua kuishi kwa sheria hiyo hiyo. Jina lake Semei Kakungulu.

Alizaliwa mwaka wa 1869 hivi huko Koki, ufalme mdogo uliopakana na Buganda. Akiwa kijana alihamia Buganda, akasifika kwa kuwinda ndovu na kupigana. Alibatizwa Mprotestanti, na vita vya dini vilipozuka huko akawa upande wa Wakristo. Mnamo 1899 alishiriki kuwakamata wafalme wawili, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Waingereza wakawapeleka uhamishoni Ushelisheli.

Kisha akageukia mashariki na jeshi lake, akaziteka sehemu za Bukedi, Teso na Bugisu. Alijenga ngome na barabara, na mji wa Mbale ulianzia kwenye makao yake. Usimfanye malaika lakini. Wenyeji wa huko walimjua kama mtu wa bunduki aliyewaletea watawala wasiowataka.

Kakungulu aliamini Waingereza watamfanya mfalme wa mashariki. Wapi! Walipoona amepata nguvu kupita kiasi, walimpunguza. Mwaka wa 1906 wakampa uongozi wa baraza la Busoga, na 1913 kazi hiyo nayo ikaisha. Fikiria: umewapigania watu miaka na miaka, halafu wanakuacha hivyo. Ungefanya nini?

Yeye alishika Biblia. Aliingia kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi. Kadiri alivyosoma Agano la Kale, ndivyo amri ya tohara ilivyomkaa moyoni. Kumbuka Waganda, kama Wajaluo, hawakuwa na mila ya kutahiri. Wenzake walimwonya kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Basi akaamua kwamba yeye ni Myahudi. Mwaka wa 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe.

Watu wake waliitwa Abayudaya. Jua likizama Ijumaa, kazi inasimama hadi Jumamosi jioni. Mtoto wa kiume anatahiriwa siku ya nane. Nyama ni ya mnyama waliyemchinja wenyewe. Mwaka wa 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda cha kuwaongoza. Baadaye Myahudi mmoja mgeni aliwafundisha kalenda na sala, nao wakaliacha Agano Jipya.

Sabato ya Jumamosi si ngeni kwako. Waadventista wako Gendia, Homa Bay, tangu 1906. Ila wao ni Wakristo, na Kakungulu alivuka mpaka huo. Na kuna kichekesho cha historia. Mwaka wa 1903 Uingereza iliwapa Wayahudi wa Ulaya nafasi ya kuhamia Uasin Gishu, nao mnamo 1905 wakakataa. Wa Mbale hawakuletwa na mtu. Walijisomea tu.

Alifariki Novemba 1928. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini hiyo, wengi wakaiacha, wakabaki mia chache tu. Hao wachache walisali kwa siri. Leo masinagogi yao yako wazi karibu na Mbale, na mwaka wa 2016 rabi wao alichaguliwa mbunge.

Ufalme alioutaka Kakungulu hakuupata. Watu wanaozima jiko Ijumaa jioni kwa sababu yake bado wapo.