Schillings, Mpiga Picha wa Usiku

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa, kama ilivyo Unguja na Pemba, bundi ni ndege asemwaye sana na aonekanaye kidogo. Hujulikana kwa mlio wake, na wengi humhesabu kuwa mleta habari za msiba. Kuruka kwake hakusikiki, kwani kingo za manyoya ya mbawa zake ni laini mfano wa matamvua ya shali, nazo huupasua upepo bila kishindo. Wapemba wanaye bundi wao mdogo asiyepatikana kwingineko duniani. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kumwona bundi yu hewani, mbawa zimekunjuliwa, akimshukia panya? Wengi wetu tumemwona pichani tu. Na picha za viumbe wa usiku zina deni kwa kazi iliyofanyika katika nyika za nchi hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Aliyeifanya alikuwa Mjerumani, jina lake Carl Georg Schillings.

Schillings alizaliwa mwaka 1865 katika wilaya ya Düren, magharibi ya Ujerumani. Alifika Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1896, akifuatana na msafara wa Max Schoeller, naye alikuja kama walivyokuja wengi wa tabaka lake: na bunduki begani. Alirejea tena na tena hadi safari yake kubwa ya mwaka 1903 na 1904, na uwanja wake ulikuwa nyika za Umasai na bonde la mto Pangani. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa njia yake. Hata hivyo, habari yake inatuhusu sisi wa huku, kwa sababu tutakazozieleza.

Wakati ule kupiga picha mnyama wa porini usiku kulikuwa karibu na muhali. Picha ilinaswa juu ya bamba la kioo, zito na jepesi kuvunjika. Mwanga ulitokana na unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali nyingine, nao ulilipuka kama baruti na uliweza kumuunguza aliyeuwasha. Schillings alichukua kamera za kampuni ya Goerz ya Berlin, akaziweka penye maji au penye chambo, aghalabu punda au fahali aliyefungwa mtini, kisha akatega uzi. Simba alipougusa uzi ule, unga ulilipuka na lenzi ikafunguka kwa mpigo mmoja. Kwa maneno mengine, simba alijipiga picha mwenyewe, na mtu alikuwa mbali.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya namna hiyo haina usanii, maadam kidole cha msanii hakikugusa kitu. Sisi hatuafikiani nao. Mpiga picha wa usiku huitunga picha yake kabla mnyama hajafika. Ni lazima ajue njia ya mnyama na upepo utokako, ajue kimo cha kuutega uzi, akadirie kichwa kitakuwa wapi na kivuli kitaangukia upande gani. Fisi akitangulia kupita, bamba limekwisha kazi, na usiku huo umepotea. Fauka ya hayo, hana budi kuwa na subira ya kuamka alfajiri baada ya alfajiri akakuta hapakupatikana kitu. Picha zake bora, za simba wakimrukia mawindo gizani na za pundamilia wakishtuka majini, zina uhai ambao wachoraji waliokaa Ulaya hawakuufikia.

Kwa bundi arukaye, hata hivyo, mwanga ule ulikuwa mzito mno. Ulidumu muda mrefu kupita pigo la bawa, na bawa likatoka pichani kama moshi. Ilibidi kungojea taa za umeme zenye mmweko wa kasi, ambazo Mwingereza Eric Hosking alizitumia kwa ndege baada ya Vita Kuu ya Pili. Hosking alikwisha kulipa gharama yake: mwaka 1937 bundi alimrarua uso gizani, akapoteza jicho moja. Alirudi kwenye kiota kile kile amevaa kinyago cha wacheza vitara.

Turejee kwa Schillings. Kitabu chake, ambacho jina lake lataja mwanga wa mmweko na bunduki pamoja, kilitoka Leipzig mwaka 1905, na toleo la Kiingereza lilijivunia picha 302 zisizotiwa mkono. Kilisomwa mno. Mwaka uliofuata George Shiras wa Marekani naye alichapisha picha zake 74 za wanyama wa porini, lakini paa wa maziwa ya Michigan hawakuwa simba wa Pangani.

Mwaka huo huo wa 1905 ndio ulioanza Vita vya Maji Maji. Wasomaji wa Ujerumani walipokuwa wakifunua kurasa na kuistaajabia nyika, serikali yao ilikuwa ikiunguza mashamba na maghala kusini mwa nchi hii, na moto huo uliwafikia Wabena wa Nyanda za Juu. Picha za Schillings hazikuwaonyesha watu hao. Wala hazikuwatangaza wapagazi zaidi ya mia waliomchukulia mabamba, maji, vyakula na masanduku ya unga uwezao kulipuka vichwani mwao. Bila ya watu hao hapangekuwa na picha hata moja, na ni vigumu kusoma habari za usanii wake bila kuwakumbuka.

Kisha kuna ile bunduki. Schillings aliwaua tembo, vifaru, simba na wanyama wengine wengi, akapeleka ngozi na mafuvu katika makumbusho ya Berlin. Wataalamu wakampa heshima kwa kuliweka jina lake juu ya fisi mwenye mistari wa nchi yetu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida ya elimu ya zama zile: kitu hakikujulikana mpaka kimekufa na kusafirishwa. Watu wa Iringa hawahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu.

Kwa insafu yatupasa kusema pia kwamba mtu huyu alibadilika. Alipaza sauti dhidi ya mauaji ya tembo kwa ajili ya pembe, na dhidi ya biashara ya manyoya ya ndege kwa kofia za mabibi wa Ulaya. Alihutubia kumbi zilizojaa, akiwaonyesha watu picha zake ukutani, na aliwaonya kwamba wanyama hao wangetoweka. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowapunguza, halikumzuia kusema. Alifariki Berlin mwaka 1921.

Tuliahidi kueleza kwa nini habari hii yatuhusu. Mwaka 2003 watafiti waliosikia habari kwa wawindaji wa Rungwe, mkoani Mbeya, walimwona kima aitwaye kipunji, ambaye elimu ya dunia ilikuwa haimjui. Mwaka 2004 akaonekana vilevile msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi, na ushahidi uliowekwa mbele ya wataalamu haukuwa ngozi wala fuvu, bali picha ya kima aliye hai. Wapo waliolalamika kwamba picha haitoshi. Baadaye kima mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, na mwili wake ukawasaidia wataalamu kumtenga katika jamii yake peke yake, lakini jina alikwisha kulipata angali hai mtini. Ndugu zetu wa Unguja watalipima jambo hilo kwa chui wao, ambaye amebaki makumbushoni katika ngozi chache.

Na ule uzi wa Schillings ungalipo, ila sasa ni jicho la umeme lihisilo joto la mwili. Katika miaka ya 2010, vijiji kadhaa vya Iringa vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha vilianza kufunga kamera za namna hiyo katika ardhi yao wenyewe. Kila mnyama aliyenaswa pichani alikipatia kijiji alama, simba zaidi ya digidigi, na alama hizo ziligeuzwa kuwa vifaa vya shule, vya zahanati na dawa za mifugo. Kamera zilifungwa na wanakijiji wenyewe, nao ndio waliozitazama picha kwanza.