Rudolf Diesel, mutu aliyepigana na hewa yenye kuvuja

Kila siku kamio zinapanda kutoka Sake kwenda Masisi, zingine zinatafuta kufika Walikale katika matope. Karibu zote zinakunywa mazutu, na injini zao zinabeba jina la mutu: Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Mwaka 1870 vita ya Ufaransa na Ujerumani ikawafukuza, wakakimbilia London. Mtoto akiwa na miaka 12 akatumwa peke yake kwa jamaa huko Augsburg, Ujerumani. Kisha alisomea ufundi Munich.

Wakati ule, mashini za mvuke zilipoteza sehemu kubwa ya moto wake. Diesel akafikiri: tugandamize hewa peke yake mpaka ipate moto sana, halafu mafuta yakiingia yatawaka yenyewe, bila cheche ya umeme. Mwaka 1892 aliomba hati ya kulinda wazo hilo.

Shida ni kwamba hewa iliyogandamizwa inatafuta kila tundu. Mwaka 1893, huko Augsburg, mashini ya kwanza ilivuja, na chombo cha kupimia kikapasuka. Alirekebisha miaka mine. Mwaka 1897 injini yake iligeuza karibu asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, kupita mashini za mvuke.

Alipata pesa nyingi, lakini madeni yakamushinda. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipotea katika meli Dresden, iliyotoka Antwerp kwenda Uingereza. Maiti ilionekana baharini siku chache baadaye. Kama alijiua ama aliuawa, watu wanabishana mpaka leo.

Kazi yake ya kuziba inaendelea kwa mafundi wetu. Katika kamio nzee, moshi unavuja pale bomba linaposhikana na kichwa cha injini. Dalili ni mlio wa paf-paf injini ikiwa baridi, na weusi kandokando. Kufunga na bati hakudumu. Injini ipoe, fundi asugue sehemu mbili zinazogusana, aangalie na rula kama chuma kimepinda, aweke kizibo kipya, akaze boliti kuanzia katikati, na azikaze tena kisha safari ya kwanza.

Shofere, usizoee harufu ya moshi ndani ya kabine. Unaumiza kichwa, unaleta usingizi, na unaweza kuua.